Shokapu ya Lovina kwa Dola Mia Nne

Mara ya kwanza Orrin Pruitt kufanya biashara na Lovina Stutzman, alidhani amepata mjinga wa kumlia pesa.

Ilikuwa Aprili, wikiendi ya kwanza ya msimu wake wa kwanza katika uwanja wa mbio wa Tanner Ridge, vilimani kusini mwa Ohio. Orrin alikuwa amefungua trela yake mapema na kupanga mezani viungo vya pikipiki zilizoanguka: matangi, usukani, breki, shokapu, kila kimoja na kikaratasi chake cha bei. Kazi hiyo ndiyo iliyomjengea nyumba. Ananunua mizoga ya pikipiki za mbio kwa jumla, anaichinja nyuma ya banda lake, kisha anaiuza kipande kipande kwa wakimbiaji wa klabu. Hao ni watu wasio na mdhamini, wanaolala ndani ya magari yao na kuvunja kitu kila baada ya wiki mbili. Kwa Orrin hakuna wateja wazuri kuliko hao.

Akaja mwanamke mfupi wa miaka arobaini na kitu, nywele kazifunga kwa kitambaa cha kufutia oili. Hakusalimu. Alichukua jozi ya shokapu za mbele, akazishika mkononi kama mtu anayepima uzito wa kuku.

"Kiasi gani hizi?"

"Mia na ishirini, mama. Hazijaguswa."

"Zimepinda."

"Zimepinda wapi? Hebu vaa miwani."

Mwanamke akalaza bomba moja juu ya kioo cha meza, akalisukuma kwa kidole. Likaviringika nusu, likarukaruka, likasimama. "Linachechemea," alisema. "Thelathini. Nataka springi za ndani tu. Mabomba nakuachia ukawauzie wanaotengeneza uzio."

"Thelathini! Nikuongezee na trela?"

"Trela yako ina tairi bovu upande wa kushoto. Thelathini."

Walivutana wakafika arobaini na tano, na Orrin alikuwa radhi, maana jozi ile ilimgharimu kama dola nane. Mwanamke alipokwisha kulipa akaonyesha kwa kidevu shokapu ya nyuma iliyokuwa pembeni. "Ile uliyoiandika sitini, usiiuze sitini. Kuna fundi ameifanyia kazi ndani, na amejua alichofanya. Omba mia mbili."

Orrin alicheka mpaka akashika tumbo. Katika miaka thelathini ya kununua na kuuza hajawahi kukutana na mnunuzi anayempandishia muuzaji bei. Akaamua ni mtego. Kabla ya saa sita mchana alikuwa ameiuza shokapu ile kwa sitini, na kesho yake akaiona kwenye trela ya nne kutoka kwake, imeandikwa mia mbili na hamsini.

Basi tangu siku hiyo alijua mambo mawili juu ya Lovina Stutzman. La kwanza, anaona ndani ya chuma. La pili, hasemi uongo. La kwanza alilitia akilini. La pili aliliacha hapohapo mezani, kwa kuwa hakuona faida yake.

Habari zake nyingine alizipata kidogo kidogo, kama wanavyopata watu wote wa kambini, kwenye foleni ya kahawa. Lovina alizaliwa kaunti ya Holmes, kwa Waamishi, wale Wakristo wasiotumia injini, wa magari ya farasi. Baba yake alikuwa fundi wa magari hayo, na binti alikulia chini ya meza ya kazi, akikunja springi za mabamba na kusikiliza gari linavyolia likipita kwenye mashimo. Alipofika miaka kumi na tisa akaondoka kwao juu ya pikipiki ya kuazima, hakubatizwa kuingia kanisa lao, hakurudi. Siku za kazi alitengeneza mabasi ya shule. Wikiendi alikimbia mbio, na katikati ya mbio aliwafanyia wenzake shokapu kwa dola mia na hamsini jozi, ndani ya trela yake ndogo, mlango umefungwa. Ungempa shokapu zako dirishani, ungezichukua dirishani. Aliyetaka kuchungulia aliambiwa akachungulie kwao.

Alichokuwa akikifanya humo ndani, wengi walikisia na wote walikosea. Ugonjwa wa wakimbiaji wa klabu ni mmoja: mtu akinunua pikipiki ya mbio, kitu cha kwanza anachofanya ni kuikazia. Anakaza springi, anakaza vali, mpaka pikipiki inakuwa ngumu kama benchi la kanisa, halafu anajisifu kwamba sasa ni ya mbio kweli. Ikimrusha konani, anakwenda kuikaza zaidi. Tanner Ridge ina kona ya saba ambayo lami yake imejaa mawimbi kwa sababu ya malori ya uwanja na baridi ya kila mwaka, na hapo ndipo pikipiki ngumu hurukaruka huku mwenyewe akiomba Mungu. Lovina alipita pale ametulia kama mtu aliyekaa kwenye kochi. Orrin aliliona hilo kila mara, maana naye alikimbia daraja hilohilo. Hakuwa mkimbiaji. Alijiandikisha kwa kuwa mkimbiaji hulipia nafasi ya trela nusu ya bei anayolipa mchuuzi. Akamaliza wa mwisho kwa misimu sita mfululizo, na biashara ikaenda vizuri.

Miaka mitano baada ya siku ile ya shokapu, aliyekuwa akishindana na Lovina alikuwa Garrison Voss, daktari wa meno kutoka Columbus, mtu wa kilo tisini na tano, trela yake ina jiko na kiyoyozi. Mwezi wa Mei Voss alisema mbele ya watu, kwa sauti ya kusikika, kwamba ile namna ya kulegeza mambo inafaa gari la farasi. Wiki mbili baadaye Lovina akaja na ile pembetatu ya rangi ya chungwa, ambayo sheria inawataka wenye magari ya farasi waibandike nyuma ili wenye haraka wajue mbele yao kuna kitu cha polepole. Aliibandika kwenye mkia wa pikipiki yake. Voss aliitazama pembetatu ile kwa mizunguko kumi na miwili.

"Dada, imekuumiza macho ile?" Lovina alimuuliza Voss kwa kumchokoza, wakiwa wanavua kofia.

"Mimi si dada yako."

"Basi kaka. Imekuumiza?"

Tangu hapo likawa jambo la watu wawili. Lovina alikuwa amekimbia misimu tisa, na mara tatu alimaliza wa pili. Kibao cha namba moja, anachopewa bingwa wa msimu, si kipande cha plastiki tu pale Tanner Ridge. Mwenye nacho hukimbia mwaka unaofuata bila kulipa kiingilio, na fundi mwenye nacho hufuatwa na wateja mpaka nyumbani kwake. Lovina alikuwa ameshawaambia watu, tena bila kunong'ona, kwamba akikipata anaacha mabasi ya shule na kufungua karakana yake. Na Voss alikuwa amesema hatakipata.

Mwisho wa Septemba zikabaki mbio mbili, moja Jumamosi, moja Jumapili.

Alhamisi ya wiki hiyo Voss alimpigia Orrin simu. Akamwita "mzee wangu", kitu ambacho hakuwahi kukifanya.

"Mzee wangu, unaijua kanuni ya dai?"

Orrin aliijua, kama anavyoijua kila mtu. Katika daraja lao ganda la shokapu ya nyuma lazima liwe lile lililotoka kiwandani, lakini ndani fundi anaruhusiwa kubadili atakavyo. Ili matajiri wasimwage maelfu humo ndani, waanzilishi wa klabu waliandika hivi: yeyote aliyemaliza mbio anaweza, ndani ya nusu saa, kuidai shokapu ya mshindi kwa dola mia nne, na mshindi akikataa kuuza, pointi zake zote za msimu zinafutwa. Ilikuwa kanuni nzuri, na kwa miaka kumi na moja haikutumiwa na mtu. Kambini ilihesabiwa kama bunduki ya babu iliyoko ukutani. Ipo, na asiye na adabu tu ndiye angeishusha. Hapo mtu anakuazima petroli asubuhi akijua jioni utamshindia, anakushikia pikipiki ukivaa glavu. Ukidai shokapu ya mwenzako, nani atakushikia tena?

"Akishinda Jumamosi," alisema Voss, "wewe ukiidai, mimi ninakupa zile mia nne, na elfu moja juu yake. Na ule mzoga wa pikipiki kubwa niliyoiangusha Juni, uchukue wote."

"Mbona usiidai wewe?"

"Mimi nina jina pale."

"Na mimi sina?"

"Wewe una biashara, mzee wangu."

Orrin hakukasirika, kwa kuwa lilikuwa neno la kweli. Akapiga mahesabu kama alivyozoea. Ule mzoga akiuchinja utampa elfu mbili na mia tano, labda tatu. Watu watanuna. Lakini watu wakinuna huvunja usukani vilevile, na ni nani mwingine atawauzia usukani kwa nusu bei Jumapili asubuhi? Alijua pia kwamba dai linaandikwa kwenye fomu ofisini kwa mkaguzi. Angeijaza fomu kimyakimya, achukue mzigo, na yaishe.

"Mzoga uje na makaratasi yake," alisema. "Na pesa kabla."

"Huniamini?"

"Daktari, ningekuwa naamini watu ningekuwa nauza Biblia."

Jumamosi Lovina alishinda. Alimwacha Voss kwenye kona ya saba katika mzunguko wa nane, na hakumwona tena. Sasa alikuwa mbele kwa pointi nne, imebaki mbio moja. Orrin alimaliza wa ishirini na mbili kati ya ishirini na wawili, akaegesha, akaenda ofisini akiwa bado na vazi lake la ngozi, na kujaza fomu.

Mkaguzi alikuwa Bi Hettie Quarles, mjane mwenye sauti ya mnada, aliyekagua pikipiki pale tangu mumewe akiwa hai. Aliisoma fomu mara mbili. Akavua miwani.

"Orrin, umeisoma kanuni mpaka mwisho?"

"Nimeisoma inapohusika."

"Basi hukuisoma." Akageuka na kushika kipaza sauti. Mstari wa mwisho wa kanuni ulisema kwamba dai hutangazwa kwa kambi nzima, jina la mdai na jina la mdaiwa, kabla kitu hakijaguswa. Orrin, ambaye hajawahi kununua mzoga bila kuusoma mkataba mpaka wino wa chini kabisa, alisimama pale akasikia jina lake likitoka kwenye spika sita, likagonga kilima na kurudi.

Alipofika kwa Lovina watu walikuwa wameshajaa. Hakuna aliyezomea. Walimfungulia njia tu, kama unavyompisha mtu aliyemwagikiwa na kinyesi. Lovina alikuwa amekaa juu ya ndoo, anakula yai la kulowekwa kwenye siki na bitiruti, vidole vimeiva rangi ya zambarau.

"Unaweza kukataa," Bi Hettie alimwambia. "Unajua kitakachofuata."

"Nikatae nimpe ubingwa bure? Nipeni spana." Akafuta vidole kwenye suruali, akamtazama Orrin juu mpaka chini. "Mzee Orrin. Unamaliza wa mwisho kila wiki. Mwendo huu unautakia nini? Unawahi choo?"

Watu wakacheka, na kicheko kile kilikuwa kibaya kuliko matusi.

"Kanuni inaniruhusu," alisema Orrin.

"Nimesema haikuruhusu? Shika hapa, shika vizuri, usije ukaniangushia pikipiki." Na Orrin, mbele ya kambi nzima, akashika mkia wa pikipiki huku Lovina akifungua boliti. Baada ya dakika kumi na tano shokapu ilikuwa mkononi mwa Orrin, bado ya moto.

"Sikiliza nikwambie," alisema Lovina, na safari hii hakuwa na mzaha. "Springi hiyo ni ya mtu wa kilo sitini na mbili. Daktari ana tisini na tano. Mwambie abadilishe springi kabla hajaipanda. Asipobadilisha itakaa chini kama mbwa, na kona ya saba itamtupa nje."

"Daktari gani? Nimeidai mimi."

"Haya. Basi jiambie mwenyewe."

Orrin akatoa zile mia nne. Lovina akazisokomeza mfukoni bila kuzitazama. Kila mtu alitegemea kwamba sasa ataingia ndani ya trela yake, afunge mlango kama kawaida, ajaribu kuokoa kitakachookolewa. Badala yake alishika mlango wa trela akausukuma juu mpaka ukagonga dari, akaiburuta meza yake ya kazi nje juani, akaweka juu yake shokapu ya akiba, ya kiwandani, isiyoguswa. Kisha akapanda juu ya ile ndoo.

"Wa daraja letu wote!" alipaza. "Mwenye shokapu ailete hapa. Leo silipishi, na mlango hauko. Aliyenunua kanunua chuma tu. Kazi yenyewe nawapa ninyi, wote, sasa hivi, na kesho asubuhi itakuwa haina thamani ya soseji. Njooni muone!"

Watu walitazamana. Wa kwanza kusogea alikuwa Dell Ransbottom, dereva wa lori la maziwa, aliyekuwa akimaliza wa tano au wa sita kila wiki.

"Lovina, unatufundisha ili tukupite?"

"Mkiweza."

"Na ubingwa?"

"Anayetaka kunionea huruma akae mbali na meza yangu. Na kesho mtu akinipisha njiani, nitampiga kwa kofia. Umesikia, Dell? Lete hiyo takataka yako."

Akaifungua mbele yao. Akawaonyesha vile vijisahani vya chuma vinavyoziba mafuta, vyembamba kama ukucha, vimepangana kimoja juu ya kingine. Akatoa vitatu upande ambao kila mtu huongeza. "Hapa ndipo mnapokazia," alisema. "Mnadhani mnaizuia isiruke. Mnaizuia isirudi. Ikiingia shimoni haitoki kabla ya shimo la pili, na la tatu linakuta haina mguu. Baba yangu angewacheka." Akatia washa moja nene, pete bapa ya chuma, juu ya mshikio ili mkia uinuke. Akamimina oili, akajaza gesi ya naitrojeni kutoka kwenye chupa yake, akafunga. "Basi. Miaka tisa nimefunga mlango kwa ajili ya vijisahani vitatu na washa."

Mtu mmoja nyuma akasema, "Hiyo tu?"

"Hiyo tu. Na wewe umenilipa mara nne kwa hiyo tu. Haya, nani anafuata?"

Orrin aliyaona haya akiwa amesimama na shokapu yake ya mia nne chini ya kwapa, na alielewa haraka kuliko wote pale, kwa kuwa lilikuwa jambo la bei. Dakika arobaini zilizopita alikuwa ameshika siri. Sasa alikuwa ameshika kipuri kilichotumika.

Akaipeleka kwa Voss upesi, kabla habari haijafika.

"Anasema springi ni ya kilo sitini na mbili," alimwambia. "Anasema ubadilishe."

Voss alicheka. "Na wewe umemwamini? Anataka nifungue, niharibu. Hiyo inaingia kama ilivyo."

Hapa palikuwa na nafasi ya maneno mawili. Orrin alijua kwamba Lovina hasemi uongo. Lile somo alilipata akiwa na dola sitini mkononi, na mtu hasahau somo la namna hiyo. Lakini alikuwa ameuza shokapu. Ushauri haukuwamo kwenye bei. Akafungia ule mzoga kwenye gari lake na kuondoka.

Lovina alifanya shokapu sita mchana ule, na ya saba ilikuwa ya kwake. Alipofika hapo chupa ya naitrojeni ikatoa pumzi moja fupi na kuisha. Yake ikaingia na presha nusu.

"Ungeanza na yako," Dell alimwambia.

"Ningeanza na yangu mngeondoka mnasema nimewapa makombo."

Jumapili saa tano asubuhi wakapanga mistari. Kufikia mzunguko wa tatu ilionekana wazi kwamba mbio hizi si zile za jana. Watu waliozoea kutawanyika baada ya kona ya saba walikuwa wanapita pale wamegandana, kama wameamka na miguu mipya. Dell Ransbottom alikuwa mbele. Voss alianza wa kwanza, na kila akiifikia kona ya saba mkia wa pikipiki yake ulizama, yeye akasogea nje ya njia, mtu akapita ndani. Akashuka wa pili, wa tatu, wa nne. Alipokuwa wa nne akaacha kushindana na kona akawa anaipita kwa kutambaa tu, na hapo akashikilia.

Lovina naye hakuwa salama. Shokapu ya presha nusu ilifanya kazi kwa mizunguko minne, kisha oili ikapata moto ikawa povu, na pikipiki ikaanza kumyumbisha. Watu aliowatengenezea mwenyewe wakampita mmoja baada ya mwingine, na hakuna aliyeinua hata mkono. Voss akiwa wa nne, Lovina alihitaji nafasi ya sita ili abaki bingwa kwa pointi moja. Mzunguko wa mwisho alikuwa wa saba.

Orrin aliyaona ya mwisho kwa karibu, kwa sababu ndio kwanza walikuwa wanampita kwa mzunguko mzima. Aliingia kona ya saba kwa mwendo wake wa siku zote, na nyuma yake akasikia pikipiki mbili. Ya mbele ilikuwa ya jamaa mmoja wa Zanesville, wa sita. Jamaa akamwona Orrin katikati ya njia, akasita, akalegeza mkono kiasi cha kupumua. Lovina hakusita. Alipita nje, juu ya mawimbi yenyewe, pikipiki inatikisa kichwa kama anayekataa jambo kwa nguvu zote, goti linakwaruza, na alipotoka upande wa pili alikuwa wa sita.

Baadaye wapo waliosema Orrin alimzibia yule jamaa kwa majuto. Si kweli. Orrin hakufanya kitu. Alikuwa mzito tu.

Lovina akasimamisha pikipiki mbele ya Bi Hettie, akateremka, akakaa chini kwenye lami.

"Wa sita," alisema Bi Hettie. "Bingwa aliyemaliza wa sita! Sijapata kuona."

"Wa sita, nyuma ya wanafunzi wangu wanne," alisema Lovina. "Na daktari mmoja. Andika hivyohivyo."

Voss alipita akiusukuma mzigo wake, hakumtazama mtu. Lovina akamwita: "Kaka! Springi!" Voss hakugeuka. Mwaka uliofuata alihamia daraja la juu, ambako hakuna kanuni ya dai na ambako pesa yake ilitosha kumnunulia nafasi ya kumi na nne.

Lovina alipata kibao. Karakana hakuipata, si mwaka ule. Vijisahani vitatu na washa vilisambaa mpaka Kentucky, kila mtu akawa anajifanyia mwenyewe nyumbani, na wateja ishirini wa dola mia na hamsini wakabaki watano, wote wavivu. Jumatatu alirudi kwenye mabasi ya shule. Watu walipomwambia amejiponza, alijibu kwamba siri inayoweza kununuliwa kwa mia nne ilikuwa inakaribia kufa hata hivyo, na kwamba majira yote ya baridi anayo ya kutafuta nyingine. Trela yake ilionekana tena Aprili. Mlango ulikuwa umefungwa.

Na Orrin? Mzoga wa Voss ulimpa elfu mbili na mia nane. Katika hesabu hajapoteza senti. Wala hakuna aliyemsusia. Aliyevunja usukani alikuja kununua usukani, kama alivyotabiri. Kilichobadilika alikigundua msimu mpya, siku ya kwanza, Dell Ransbottom alipouliza bei ya breki. Orrin akasema tisini, naye alikuwa tayari kushuka mpaka hamsini, ameshaandaa na mzaha wa kushukia. Dell akaweka tisini mezani, akachukua breki, akaenda. Wa pili akafanya hivyohivyo, na wa tatu. Hakuna aliyesema "punguza, mzee", hakuna aliyeshika kipuri na kukitukana, hakuna aliyeondoka hatua tatu akasubiri kuitwa.

Mchana akaja Lovina. Akagusa jozi ya springi.

"Kiasi gani?"

"Themanini," alisema Orrin, na kwa makusudi akaongeza, "bei ya wizi hiyo, mama. Hata mimi naona aibu."

Lovina akaweka themanini.

"Themanini kwa springi za miaka saba!" alisema Orrin. "Hata hujaziviringisha mezani."

"Nimeziona," alisema Lovina. Akazitia kwapani na kurudi kwenye trela yake, na Orrin akabaki ameshika faida kubwa kuliko aliyowahi kuipata kwenye jozi moja ya springi.